Mmarekani wetu na ile 'sare' iliyotushusha daraja

Wakuu, heshima kwenu. Shikamoo kwa wakubwa, wadogo zangu mambo vipi.

Naona siku hizi humu mnabishana kama Mmarekani na soka vinaendana au anajilazimisha tu. Kuna mmoja ameandika kurasa tatu na hajawahi kukaa na Mmarekani hata dakika kumi. Mimi nimekaa naye. Nimecheza naye timu moja. Ameniumiza moyo na amenifurahisha, vyote ndani ya wiki moja.

Ninachoandika hapa kimetokea kweli, nilikuwepo kwa miguu yangu miwili. Kama kuna mtu wa Zuzu humu, naomba anyamaze mpaka nimalize. Najua mtataka kuharibu stori.

Twende.

Mimi ni mtumishi wa kawaida, kazi yangu ni mafaili. Serikali ilipohamia Dodoma na mimi nikahamia. Mke na watoto walibaki Dar kwa sababu mama watoto ana kazi yake kule. Nikapanga chumba na sebule Msalato, nikaanza maisha ya kula chipsi na kuangalia ukuta.

Wakuu, upweke usiusikie kwa jirani. Mwaka wa kwanza wikiendi nilikuwa naichukia. Jumatatu ikifika nafurahi, angalau kuna mtu wa kumuuliza faili limefika wapi.

Kilichoniokoa ni timu ya maveterani pale Msalato, tunaiita Vumbi Veterans. Jina limetokana na uwanja. Ukidondoka pale, mkeo akikuona hakufungulii mlango.

Mwenyekiti, kocha na beki namba tano ni mtu mmoja, Mzee Chiwanga. Ni Mgogo wa hapo hapo, ana ng'ombe, ana mashamba, na ana kauli moja tu, akisema amesema. Mimi waliniona najua kuandika barua wakanipa ukatibu. Jina langu ni Kikoti, ni Mhehe wa Iringa, na Wagogo pale hawajachoka kuniuliza koti kubwa nimemwachia nani. Sijali, ndio watani zangu. Mtu anayekutania kila Jumamosi ni mtu aliyekukubali.

Sasa, kipa wetu Iddi alirudi kwao Busi kulima alizeti. Tukabaki tunapokezana golini, leo fundi seremala, kesho muuza nyama. Tulifungwa magoli ambayo hata mtoto anayetambaa angeyadaka.

Ndipo akaja Tyler.

Tyler ni Mmarekani, alikuja kwenye mradi wa zabibu. Mrefu, mpole, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Alipanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Mtaa mzima ulimwita Taila na mwenyewe akalikubali, akiulizwa jina anasema "Naitwa Taila."

Kiswahili alijifunza darasani kabla ya kuja. Kilikuwa Kiswahili kisafi mno, kama kimepigwa pasi. Bodaboda wa miaka ishirini alipewa shikamoo hadi akashuka kwenye pikipiki.

Jumamosi moja nikamkaribisha uwanjani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba Mmarekani ana dini yake ya michezo na soka haimo kwenye msahafu wake.

Kwanza alikuja na kiti cha kukunja, maji ya barafu na daftari. Akaanza kuandika. Nani kapiga pasi ngapi, nani kanyang'anya mara ngapi. Mimi mwenyewe niligundua siku ile kwamba nimegusa mpira mara sita, na mara nne ulinigonga ukiwa na safari zake.

Mapumziko yalipofika akauliza burudani iko wapi. Tukamwonyesha mbuzi waliokuwa wanakatiza upande wa kona.

Mechi ikaisha bila bila. Tukapeana mikono, tukaanza kukusanya viatu. Taila kabaki amesimama.

"Katibu, nani ameshinda?"

"Hakuna."

"Mtaendelea lini?"

"Hatuendelei. Tumemaliza."

Wakuu, alikaa chini kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akaniambia, sasa kwa Kiingereza maana Kiswahili kilikuwa kimemkimbia, kwamba kwao watu hawawezi kukimbia saa moja na nusu kisha waende nyumbani bila mshindi. Wataongeza muda, watarudia, watafanya chochote hadi apatikane wa kulia na wa kucheka.

Mzee Chiwanga akaniambia nimtafsirie. Nikamtafsiria. Mzee akamwangalia kwa huruma.

"Mwulize, yeye akienda kwa jirani akala, wakaongea, akarudi kwake, nani ameshinda?"

Taila akaliandika jambo hilo kwenye daftari. Ila alikuwa hajaridhika, uso ulionyesha.

Naomba mshike hapo, mazungumzo yale tuliyafanya kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili la jambo hilo hakuna aliyemfundisha. Itakuja kutugharimu.

Basi, tukamwingiza mazoezini. Miguu sifuri. Alikuwa anapiga mpira kwa kidole gumba, ukienda unakoenda ni bahati. Tukataka kumrudisha kwenye kiti chake. Bahati nzuri mpira mmoja ulipaa ukielekea kwenye bati la jirani, Taila akaruka akaudaka kwa mkono mmoja kama anachuma pera.

Mazoezi yakasimama.

Kumbe kwao amekulia kwenye michezo ya mikono. Mchezo wa rungu na glovu, mpira wa kikapu, na ule mpira wao wa miguu unaochezwa kwa mikono, msiniulize kwa nini. Mzee Chiwanga akasema, "Huyu mpeni goli. Miguu aiache nyumbani."

Na kweli, Taila alikuwa kipa. Magoli yalipungua. Akidaka anasema "Good job!" hata kwa aliyepiga. Washambuliaji wa timu pinzani walikuwa hawajui kama wanasifiwa au wanatukanwa.

Sasa nije kwenye shida yenyewe.

Ligi yetu ya maveterani ina timu sita, anayeshika mkia anaondolewa. Ikabaki mechi moja, ya kwenda kwa watu wa Zuzu, na sisi tulikuwa wa pili kutoka chini, wao Zuzu wakiwa mkiani, pointi mbili nyuma yetu. Hesabu yake rahisi, tukipata pointi moja tunabaki, tukifungwa tunaondoka.

Na kuondoka kwetu hakukuwa kuondoka tu. Pale mtaani kulikuwa kumeanzishwa jogging klabu. Wanaimba, wanakimbia barabarani asubuhi, wanamaliza kwa supu. Nusu ya wachezaji wetu walishaanza kuinusa ile supu. Mzee Chiwanga alishatamka mbele ya wote kwamba tukishuka tunavunja timu, kila mtu akakimbie na anaowataka. Na nimeshawaambia kauli ya mzee ikoje.

Nitasema ukweli, niliogopa. Wengine wana familia hapa, wana kanisa lao, wana ng'ombe. Mimi nina ile timu. Niliona wikiendi zangu za chipsi na ukuta zinarudi.

Alhamisi tukakutana kwa mazoezi ya mwisho. Mzee akatuita katikati.

"Jumamosi sitaki sifa. Nataka sare. Tukipata sare, tumebaki. Tukikosa sare, timu imekufa. Mmenielewa?"

"Ndiyo mzee!"

Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Taila. Akafungua daftari akaandika.

Tukiwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Katibu, Jumamosi sare ni lazima?"

Nikamwambia, "Lazima kabisa. Bila sare hakuna timu."

"Kwa wachezaji wote?"

Nikaona swali la ajabu kidogo, nikajibu, "Wote ndugu yangu, sare ya mmoja ipo wapi?"

Akatikisa kichwa. Akaniuliza jina langu linaandikwaje, lina K ngapi. Nikadhani ni mambo ya daftari lake. Kisha akanitazama tumbo, akalitazama tena, akaandika kitu. Hapo nilikereka kidogo lakini nikamezea.

Kesho yake Ijumaa hakuonekana mtaani. Hatukujali.

Jumamosi saa tisa na nusu tuko Zuzu. Upepo wa Oktoba unapuliza vumbi, watu wa Zuzu wamejaa, na straika wao Masanja, fundi wa kuchomelea mageti, anatupungia mkono kama anatuaga.

Taila akashuka kwenye pikipiki na mfuko wa salfeti. Akaumwaga chini.

Jezi, wakuu. Jezi mpya, rangi ya zabibu, kila moja ina jina mgongoni na namba.

Mjue sisi tulikuwa tunacheza na fulana yoyote ilimradi inakaribia bluu. Kuna mtu alikuwa anavaa fulana ya kampeni. Sasa watu wazima wenye wajukuu wakawa wanatafuta majina yao chini pale kama watoto wanaotafuta matokeo ya mtihani. Mzee Chiwanga aliiinua yake, akapitisha kidole kwenye herufi moja moja. CHIWANGA 5.

Yangu KIKOTI 8. Imenitosha tumboni, sawasawa kabisa.

Taila kasimama mbele yetu, jasho linamtoka, furaha imemjaa. "Mzee, sare tumepata. Timu imebaki!"

Ilichukua muda kidogo kutuingia. Halafu fundi seremala akalala chini akicheka, muuza nyama akamfuata, na mimi machozi yananitoka. Sisi hizi tunaziita jezi. Yeye darasani alifundishwa sare, sare ya mwanafunzi, sare ya askari. Alidhani ligi inatutoa kwa sababu hatuvai nguo za kufanana!

Na yeye alikuwa anacheka nasi. Alidhani tunafurahia nguo.

Nilitaka kumweleza. Naapa mdomo niliufungua. Mzee Chiwanga akanishika bega. "Mwache Katibu. Kipa ukimvuruga kichwa dakika hii hadaki. Mtamwambia jioni."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo lililonileta humu kuandika.

Mpira ukaanza. Masanja katufunga dakika ya ishirini, kwa kichwa. Kipindi cha pili tukasawazisha. Mfungaji ni mimi. Kona ilipigwa, nikawa nimefumba macho kwa sababu ya vumbi, mpira ukanigonga tumboni ukaingia. Watu wa Zuzu mpaka leo wanaliita goli la ugali. Goli ni goli.

Moja moja. Hiyo ndiyo tuliyoitaka, hatukuhitaji zaidi. Tukaanza kazi ya kupoteza muda, kazi ambayo tunaiweza kuliko mpira wenyewe. Huyu anafunga kamba, yule ameshikwa na msuli, Mzee Chiwanga anafuata mpira wa kurusha kwa mwendo wa kwenda msibani.

Golini Taila anahangaika. Kila akidaka anataka kutupa mbele haraka, tunamzuia. Alikuwa hatuelewi. Kwa akili yake sare tumeshavaa, sasa kilichobaki ni kushinda. Na matokeo haya ya kufanana ndiyo yale yaliyomkalisha chini siku ya kwanza.

Dakika za mwisho tukapata kona. Mzee alisema mtu mmoja tu aende akaipige, wengine tubaki nyuma.

Nikasikia vishindo vya miguu. Nageuka, naona jitu refu limetoka golini linapita kati ya uwanja.

Baadaye alinieleza kwamba kwao kuna mchezo wa kwenye barafu, timu ikitafuta goli mwishoni kipa huachwa atoke aongeze mshambuliaji. Mimi nitayajulia wapi mambo ya barafu Msalato?

"Taila! Rudi!" Mzee Chiwanga anapiga kelele. "Sare! Sare!"

Taila akageuka huku anakimbia. Akaishika jezi yake kifuani, akaivuta atuonyeshe, akacheka.

"Ninayo mzee!"

Benchi zima likasimama. "Sareee! Tunataka sareee!"

Akatunyooshea dole gumba. Alidhani tunamshangilia.

Kona ikapigwa. Nzuri, imepaa. Taila akaruka juu kuliko wote, juu ya mabeki wao, juu ya kila mtu, na kwa jinsi alivyolelewa tangu utotoni, akaudaka. Kwa mikono miwili. Ndani ya boksi la Zuzu. Akatua nao na kuukumbatia.

Refa alichelewa kupuliza kwa sababu naye alikuwa anashangaa.

Zuzu hawakushangaa. Mpira wa adhabu ukapigwa haraka, Masanja akaupokea katikati, akainua kichwa, akaona goli letu tupu. Akaupiga.

Nilikuwa wa karibu zaidi. Nilikimbia wakuu. Nilikimbia na tumbo langu na miaka yangu na mafaili yangu yote. Mpira ulikuwa unadunda polepole kama unanisubiri. Nikaufikia ukiwa umeshavuka mstari.

Mbili moja. Filimbi.

Watu wa Zuzu waliingia uwanjani kucheza ngoma. Sisi tulikaa chini kila mtu alipokuwa. Taila akanifuata akanishika bega.

"Pole Katibu. Lakini sare tunazo, sivyo?"

Niliumia mno. Nikamvuta pembeni, nikachora kwa kidole kwenye vumbi, moja na moja. Nikamwambia hii ndiyo sare. Hii ndiyo mzee aliyoiomba.

Akaangalia namba zile, akaangalia jezi yake.

"Neno moja?"

"Neno moja."

"Kwa nini?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu la kwanza lililonijia. "Kwa sababu vinafanana. Nguo zinafanana, magoli yanafanana."

Alirudi Msalato peke yake.

Jumapili baada ya ibada tukakutana uani kwa Mzee Chiwanga kufunga timu. Mzee alikaa kwenye stuli, amevaa koti amelifunga vifungo vyote hadi shingoni, na jua lile mnalijua. Taila naye alikuja, kakaa mwisho kabisa na ule mfuko wa salfeti, macho chini.

"Mbukwenyi," mzee akatusalimia Kigogo, tukaitikia bila nguvu. "Tulikubaliana. Tumeshuka, timu imevunjika. Katibu, andika."

Nikashika kalamu. Haikuandika, au mimi sikuisukuma.

"Na jezi zirudi kwa mwenyewe. Timu haipo, si haki kubaki nazo."

Taila akafungua mfuko. Hakuna aliyesimama.

Fundi seremala akakohoa. "Yangu nimeifua, haijakauka."

Upepo wa Dodoma ule, nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika! Hakuna aliyembishia.

Muuza nyama akasema yake mke wake ameificha, hajui wapi. Mwingine akasema yake amelala nayo na hana uhakika kama iko kwenye hali ya kurudishwa. Wakafika kwangu. Yangu ilikuwa nyumbani, nimeitundika ukutani, kwenye ule ukuta niliokuwa nauangalia kila wikiendi. Nikasema ukweli huo huo. Watu hawakucheka.

Kisha fundi seremala, kwa heshima zote, akauliza, "Na ya kwako mzee?"

Mzee Chiwanga alikuwa anatiririka jasho. Akatutazama mmoja mmoja. Akafungua kifungo cha kwanza cha koti, cha pili, cha tatu. Ndani, rangi ya zabibu.

"Hii imeandikwa jina langu," akasema. "Nikiirudisha, atavaa Chiwanga gani?"

Tukapiga kelele mpaka ng'ombe zizini wakageuka. Taila akaniuliza kuna nini, nikamwambia mzee amebadili kauli, jambo ambalo halijawahi kuonekana Msalato. Akaanza kulia, huku anacheka. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Jogging klabu hawajatupata. Ligi tumetolewa, sasa tunacheza mechi za kirafiki, na msimu mpya tutaomba kurudi.

Nilichojifunza wakuu, mtu akikosea neno mbele yako mwambie pale pale. Usimwekee kicheko cha jioni. Taila hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili nikanyamaza.

Na kuhusu ubishi wenu, Mmarekani na soka vinaendana ila inabidi apewe muda. Wa kwetu bado anaandika takwimu, bado anatafuta burudani ya mapumziko, na wale mbuzi sasa amewapa majina. Ila juzi mechi ilipoisha bila mshindi sikumwona akikaa chini. Alikwenda kumpa mkono kipa mwenzake, kisha akamwuliza Mzee Chiwanga, "Mzee, tumekula kwa jirani?" Mzee alicheka hadi akashika mgongo.

Karibuni mchangie. Kama na wewe kuna neno la Kiswahili limewahi kukuponza au kumponza mgeni wako, liweke hapa tulicheke pamoja. Watu wa Zuzu sasa mnaweza kuongea, lakini yale ya goli la ugali bakini nayo.

Na hiyo mechi ya juzi tulicheza na hao hao Zuzu. Ukituuliza tulirudi nyumbani na nini, jibu ni sare. Chagua maana unayoitaka, zote mbili tulikuwa nazo.